Kaka yuko dakani, mume yuko ndani: mke wa igizo lako aangukie wapi?

Kikundi chetu cha maigizo hapa Lamu kilikwama karibu mwezi mzima kwenye ukurasa mmoja. Kaka ameshuka botini kutoka Mokowe na begi moja, amemkuta dadake amekonda, shemeji hana maneno, na usiku wa pili amesikia kwa masikio yake yale aliyokuwa akifichwa kwenye simu. Alfajiri anasimama dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na kusema, "Dada, vaa buibui twende." Mume anamwita mkewe kutoka ndani. Mke ameshika komeo la mlango. Hapo ndipo kalamu ilipogoma. Nusu ya kikundi walitaka aende na nduguye, nusu walitaka abaki, na kila jioni tulirudi majumbani tumenuniana kana kwamba ndoa ile ilikuwa ya mmoja wetu.

Kuna bibi wa jirani aliyekuwa akija kututazama tukifanya mazoezi, mkononi ana ukili, ule ukanda wa ukindu anaousuka. Siku hiyo alisuka muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza: "Na nyumba hiyo ni ya nani?" Tukatazamana. Tulikuwa tunabishana mke atoke au asitoke kwenye nyumba ambayo hatukuwa tumeamua ni ya nani.

Swali lile ndilo lililonifanya niandike haya, kwa wenzangu wa Lamu, Malindi na kwingineko walio na igizo la namna hii mikononi na hawajui mke amwangukie nani. Njia ziko tatu: afuate nduguye, abaki na mumewe, au akae katikati na kulipeleka shauri kwa wazee na kwa kadhi. Zote tatu zimewahi kubeba maigizo makubwa, na zote tatu nimeziona zikiharibika mikononi mwa watu wenye nia njema. Nitaziweka kwenye mizani moja.

Mizani yenyewe

*Nyumba.* Katika mji wa kale wa Lamu, baba mwenye uwezo alikuwa akimpa bintiye nyumba anapoolewa, au akimjengea ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe, na mume ndiye aliyehamia. Penye nyumba mbili za jamaa zilizotazamana walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, na wanawake wakapita kwenda kwa dada na shangazi zao bila kushuka njiani. Kwa hiyo mtazamaji wa Mkomani, mtaa wa mji huo wa kale, akiona nyumba ya mawe jukwaani hachukulii kwamba mke ni mgeni humo. Huenda mgeni ni mume. Ukilicheza igizo lilelile Malindi mbele ya watu wanaoishi vyumba vya kupanga, au mbele ya familia za Kigiriama ambako mke huolewa akaenda kukaa kwa watu wa mumewe, nyumba itasomwa kuwa ya mume mpaka uwaambie vingine. Kigezo hiki nakiweka mbele ya vyote.

*Cheo cha ndugu.* Kaka si mgeni wa kupita. Waislamu wa pwani hii wengi ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, na ndoa haifungwi bila walii. Baba akiwa ameshafariki, na babu pia, kaka ndiye anayemwozesha dada. Mkono uleule uliomtoa ndio sasa unaomwita arudi. Dada hana cheo hicho. Dada akija kwa dadake amekuja na mapenzi na kumbukumbu za utotoni, na hakuna kikao kitakachomwita. Kubadilisha kaka kuwa dada ni kubadilisha igizo zima.

*Kidonda cha ndoa.* Chagua kimoja. Mume asiyeleta chakula, mume aliyeoa mke wa pili kwa siri, mume mlaji wa mirungu, mume anayepiga: haya ni maigizo manne. Ukiyarundika kwa mume mmoja umepata shetani, na shetani hana wa kumfikiria mara mbili. Kisha uliza kama mume huyo ni binamu. Ndoa za binamu ni za kawaida huku, na kama mume ni mtoto wa ami, ule ubishi wa damu dhidi ya ndoa unaanguka wenyewe, kwa sababu mume naye ni damu. Mama wa mume ni mke wa ami yao. Kaka akimtoa dada humo anakata kamba ambayo yeye mwenyewe ameishikilia.

*Watazamaji.* Wanaume wa barazani, wanawake peke yao usiku wa harusi, wanafunzi kwenye mashindano, au mseto.

*Jukwaa.* Nyumba ya Lamu imejengwa kwa kurudi ndani: daka nje, tekani (kiingilio cha ndani), kiwanda (ua wa ndani), misana (vyumba virefu vinavyofuatana), na chumba cha ndani kabisa, na upana wa vyumba umefungwa na urefu wa boriti la mkoko, hauzidi mita 3. Ukiwa na vipande vinne vya mbao na kanga za kuning'iniza unaweza kuionyesha yote, na mtu akisogea hatua moja kuelekea nyuma watazamaji wa hapa wanajua amefika pahali ambapo mgeni hafiki.

Njia ya kwanza: afuate nduguye

Mfano wa kale kabisa ni Antigone wa Sophocles, aliyeonyeshwa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Anamzika nduguye Polynices ingawa mfalme Creon amekataza, na anatoa hoja ambayo watu wanaijadili mpaka leo: mume akifa huenda akapatikana mwingine, lakini baba na mama wakishakuwa kaburini, ndugu mwingine hazaliwi. Wengi huibeba hoja hiyo nzima na kuitia kinywani mwa mke wa igizo lao. Wakumbuke kwamba Antigone hakuwa kwenye ndoa mbaya. Alikuwa na mchumba, Haemon, mwana wa Creon, ambaye hakumkosea. Kilichomsukuma ni maiti isiyozikwa.

Aliye karibu nasi zaidi ni al-Khansaa, mshairi wa Kiarabu aliyeishi wakati Uislamu unaingia. Masimulizi ya Waarabu yanaeleza kwamba mumewe alikuwa mtapanyaji. Mali ilipokwisha alikwenda kwa nduguye Sakhr, naye akaigawa mali yake nusu kwa nusu na kumpa dadake nusu iliyo bora. Mume akaimaliza. Al-Khansaa akarudi tena, na Sakhr akagawa tena, mpaka mke wa Sakhr akalalamika. Sakhr alipofariki, dada yule alimlilia kwa mashairi yanayosomwa hadi leo. Ninachokipenda hapo ni yule mke wa Sakhr. Maigizo yetu humleta kaka kama malaika, hana mke, hana watoto, hana kodi ya nyumba. Mpe mke. Wifi anayehesabu sahani kabla ya mgeni kuketi ataufanya uaminifu wa kaka uwe na bei, na watazamaji watamwamini.

Nyumba. Ikiwa nyumba ni ya mume, njia hii ni nyepesi kuandika: mke anavaa buibui, anabeba mtoto, anatoka, pazia. Ikiwa nyumba ni ya mke, mambo yanageuka, na hapo ndipo sisi tulipoamka. Kaka akisema "twende", anamwambia dadake aiache nyumba aliyopewa na baba yao mikononi mwa mtu aliyehamia humo na sanduku. Hakuna mwanamke wa mtaa wa Langoni atakayekaa kimya akitazama hilo. Basi kaka aseme nini? Aseme, "Shemeji, toka"? Hana haki hiyo pia. Nyumba si yake, ni ya dada. Tulijaribu maneno mengi kinywani mwa kaka na kila neno lilikuwa la mtu anayeamrisha mali isiyo yake. Siku ya tatu ya kujaribu, binti anayecheza mke alichoka kusubiri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuandikiwa, "Ni mimi nitakayesema nani atoke." Kaka akarudi nyuma hatua moja. Mpaka siku ile tulikuwa tumedhani igizo ni la kaka na mume, kumbe mwenye maneno alikuwa hajasema.

Cheo cha ndugu. Kaka walii anaibeba njia hii vizuri kwa sababu ana deni. Mwandikie sentensi moja ambamo anakiri kwamba alipomwozesha aliuliza habari za mtu huyu kwa watu wasiofaa, au hakuuliza kabisa. Ndugu asiye na hatia hana kazi hapa.

Kidonda. Inaenda na kipigo, na inaenda na njaa ya watoto. Haiendi na mke wa pili peke yake. Watazamaji wengi wa huku watasema kaka amekuja na jazba.

Watazamaji. Wanawake wataipokea, hasa wakiona nyumba imebaki mikononi mwa mwenyewe. Wazee wa barazani watanung'unika kwamba kaka ameingia kati ya mtu na mkewe, na manung'uniko hayo si ya kupuuza: wengi wao wameona nyumba zilizovunjwa na ndugu wenye hasira za siku moja. Jibu lao liwe ndani ya igizo, lisitolewe baadaye mlangoni.

Jukwaani. Mlango unatosha.

Inamfaa mwandishi ambaye jeraha la mke ni la wazi na ambaye amempa ndugu sura ya mtu kamili.

Njia ya pili: abaki na mumewe

Njia hii watu huidharau wakidhani ni ya woga. Mimi naiona ngumu kuliko zote kuiandika.

Mfano unaojulikana ulimwenguni ni igizo la Tennessee Williams lililoonyeshwa New York mwaka 1947, A Streetcar Named Desire. Stella anaishi New Orleans na mumewe Stanley katika vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa pazia. Dada yake Blanche anafika baada ya mali ya familia kupotea. Stanley anampiga Stella naye ni mjamzito. Stella anapanda juu kwa jirani, mume anasimama chini akimwita kwa ukelele, na Stella anashuka. Baadaye, Stella akiwa hospitalini kujifungua, Stanley anambaka Blanche. Stella hamwamini dadake, au hathubutu kumwamini: anamwambia jirani kwamba angeyaamini maneno yale asingeweza kuendelea kuishi na mumewe. Mwishoni daktari anakuja kumchukua Blanche, na Stella analia huku Stanley akimbembeleza. Amebaki. Filamu ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Elia Kazan, ikabadili mwisho huo: Stella anambeba mtoto na kupanda kwa jirani akisema harudi. Wakaguzi wa filamu wa Marekani wa zama zile walitaka mume aonekane amelipa. Zitazame zote mbili ukipata nafasi. Mwisho wa filamu unakuacha umeridhika. Ule wa jukwaani unakufuata mpaka kitandani, kwa sababu unajua mwanamke yule atapika chakula cha mchana kesho na atamkuta dada yake kwenye kila kona ya chumba.

Nyumba. Stanley ana silaha ambayo mume wa Lamu hana. Anaitaja sheria ya Napoleon iliyokuwa ikifuatwa Louisiana, kwamba kilicho cha mke ni cha mume pia, na kwa sheria hiyo anadai hesabu ya mali iliyopotea. Huku mali ya mke ni yake, mahari ni yake, na nyumba aliyopewa na babake ni yake. Ukimhamisha Stanley na kumweka Mkomani bila kubadili kitu, atasema maneno yasiyo na mguu. Mume wa huku akitaka kumzuia mke hana sheria ya kutikisa, ana vitu vingine: watoto, aibu ya jirani kusikia, mama yake aliye mgonjwa na anayelishwa na mke huyohuyo, na ule ubinamu. Waandike hao. Na ikiwa nyumba ni ya mke na bado amebaki na mume, umepata jambo zito kweli, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema amebaki kwa kukosa pa kulala. Watazamaji watalazimika kutafuta sababu nyingine, na ni juu yako kuwa nayo.

Cheo cha ndugu. Hapa dada anafaa kuliko kaka. Kaka akikataliwa ataondoka na hasira zake na watu watasema ameheshimu ndoa ya mtu. Dada akikataliwa anaondoka na utoto wa wote wawili.

Kidonda. Ndoa iliyochoka, uhaba wa kusi boti zinapolala wiki nzima bila kwenda baharini, mume aliyefilisika na kuwa mkali wa maneno: haya yanabeba kubaki, na yanaibeba ile methali ya nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mke anaweza kuona kwa mumewe kitu ambacho nduguye hajakiona, na kuwa sahihi. Ninachoomba, na ninaomba kwa moyo wote, ni kwamba kidonda kikiwa kipigo usimfanye mke aliyebaki aonekane mtakatifu. Onyesha anabaki ikiwa ndivyo ulivyoona watu wakibaki, lakini onyesha na mkono unaotetemeka anapomimina chai. Mabinti waliokaa mstari wa mbele wanasoma somo ambalo wewe huenda hukukusudia kulifundisha.

Watazamaji. Kila mtu mzima wa Lamu ameusikia utendi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858, wenye mafunzo juu ya haki ya mume na adabu ya nyumba. Ukicheza njia ya pili, utendi ule unakaa ukumbini pamoja na watu. Usiupuuze na usiutumie kama rungu. Ulikuwa wosia wa mama mgonjwa aliyejua hatakuwapo, na mke wa igizo lako anaweza kuukumbuka kwa mapenzi na bado akauliza swali ambalo mama hakuulizwa.

Jukwaani. Inahitaji mwigizaji anayejua kunyamaza. Maneno ya mwisho asiyaseme mke. Asikike nahodha akiita abiria wa mwisho wa Mokowe, na nduguye aende.

Inamfaa mwandishi anayemjua mume kama anavyomjua mke. Kama mume wako hana hata tendo moja jema kwenye karatasi zote, kubaki kwa mke hakutaeleweka.

Njia ya tatu: akae katikati

Octavia wa Roma ya kale aliozwa Mark Antony mwaka 40 kabla ya Kristo ili kaka yake Octavian na mume huyo, watawala waliokuwa wakishindana, wapatane. Mwaka 37 aliwasuluhisha. Mwaka 32 Antony akamtaliki, na baada ya Antony kufa Octavia ndiye aliyewalea watoto wa marehemu, wakiwemo aliowazaa na Cleopatra. Shakespeare alimpa nafasi ndogo, lakini ndani yake kuna kilio cha mwanamke asiyejua aombe nini, kwa kuwa dua ya kumwombea mume ni dua dhidi ya kaka. Kwetu huku kilio hicho kina mahali pa kwenda. Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, inaelekeza panapohofiwa mfarakano atumwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Na nani anayeelekea kutumwa upande wa mke? Kaka. Umemchukua mtu aliyesimama dakani anawaka, umemkalisha mkekani na kumwambia awe mwadilifu. Nimeshangaa kwamba waandishi wa huku hawalitumii hili zaidi.

Nyumba. Mara nyingi hapa ndipo nyumba inapozungumza kwa mapana. Mume akishatamka talaka ya kwanza, ya rejea, mke anakaa eda, kipindi cha kungoja baada ya talaka, na sura ya At-Talaq inakataza wake hao kutolewa majumbani mwao. Eda ya mwenye kupata hedhi ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kutokuwa na hedhi, kiasi cha miezi mitatu. Fikiria: mume na mke chini ya paa moja, hawajaachana kabisa, mume anaweza kurejea wakati wowote, na kaka anapita wikioni kila asubuhi kuleta mkate wa mofa na kutazama kama dadake amelia. Nani ameweka kitanda wapi, nani anakula na nani, mlango gani umeachwa wazi. Hakuna haja ya kupiga kelele hata mara moja. Ungeniambia nichague kipindi kimoja tu cha maisha ya nyumba ya Lamu niweke jukwaani, ningechagua hicho.

Cheo cha ndugu. Lazima awe kaka au ami.

Kidonda. Inabeba karibu vyote isipokuwa hatari ya maisha. Palipo na kisu, kikao cha wazee ni kuchelewa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani imeweka njia ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Mhusika mmoja alitaje hilo kwa uwazi. Mke anayetaka kutoka mwenyewe ana khului, yaani kujivua ndoa kwa kurejesha mahari, au aende kwa kadhi kuomba faskhi, ndoa ivunjwe. Mahakama za kadhi zimo ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 170, na mtu wa Lamu haoni ajabu mwanamke akipanda ngazi zake.

Watazamaji. Inakubalika kwa wote, na hapo pana mtego: igizo linalokubalika na wote likiisha watu husimama, hukung'uta nguo na kuulizana bei ya samaki.

Jukwaani ni nzito. Kikao cha wazee wanne wanaosema kwa zamu kitawalaza watu. Dawa tuliyoiona ikifanya kazi ni kukiweka kikao nyuma ya pazia, kisikike tu, na mbele tumwone mke akichambua mchele, mkono ukisimama kila jina lake linapotajwa.

Inamfaa mwandishi mvumilivu mwenye waigizaji watu wazima.

Kwa hali yako

Kama unaandika kwa wanafunzi, nenda njia ya kwanza au ya tatu, na kipigo kisionyeshwe. Vijana wanaocheza kirumbizi tayari wana fimbo na miguu; mwache mume acheze kirumbizi peke yake kiwandani huku mke akirudi nyuma msana kwa msana, na kila mtu ataelewa bila mtoto wa shule kumpiga mwenzake kofi mbele ya wazazi.

Kama unacheza kwa wanawake watupu, wakati wa harusi, usiende na njia ya pili isipokuwa una mwigizaji wa kuibeba. Usiku ule bibi harusi yupo, na wenzake wataanza vijembe vya vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, kumjibu mume wa igizo, jambo zuri, lakini igizo litakuwa limepotea humo.

Kama ndugu ni dada, na huwezi kumgeuza kuwa kaka, acha njia ya tatu. Chagua kati ya mbili za mwanzo kwa kuangalia jambo moja: je, mke anayaamini maneno ya dadake? Akiyaamini na akabaki, andika upya, kwa sababu bado hujajua kwa nini. Akikataa kuyaamini, kubaki kwake kunasimama.

Kama mume ni binamu, fikiria kwanza bibi yao mmoja, mama wa baba zao wote wawili. Yuko hai? Basi yeye ndiye atakayemaliza shauri, na kaka na mume watanyamaza mbele yake. Kama hayuko hai, mtaje mapema, watu wajue kwamba aliyekuwa akizishika nyumba zote hayupo tena.

Kama mnalichukua igizo kutoka Lamu mpaka Malindi, ingizeni mistari miwili dakika tano za mwanzo juu ya nyumba. Sisi tulimpa mume afanye kosa dogo: anamwagiza fundi abadilishe mlango, na fundi anamtazama mke kabla ya kujibu. Inatosha. Na chungeni Kiamu chenu, lahaja yetu ya Lamu. Hapa mume akiita "Ndoo yuu" kila mtu anasikia njoo juu. Kwingineko mtazamaji atatafuta ndoo ya maji jukwaani, na hiyo ndiyo sekunde ambayo mke anakata shauri.

Kama bado umekwama baada ya yote hayo, usiandike mwisho. Andika usiku wa kuamkia. Sisi tulifanya hivyo: kaka amelala msana wa nje, mume ndani, mke ameketi kiwandani katikati yao na taa ya chemni. Tulimwambia binti akae tu. Baada ya muda aliinuka, akapita upande wa kaka na kumfunika shuka iliyomwanguka, kisha akaenda akasimama penye pazia la mume, akasikiliza pumzi zake. Akarudi akaketi. Bibi wa ukili hakuuliza kitu siku hiyo. Aliokota mkoba wake, na alipofika mlangoni akamwambia binti yule, "Kesho uje na khanga nyingine, hiyo haina rangi ya mtu mwenye nyumba."